Miaka Mitatu na Siku Moja

Hadi jana sheria ilitukataza kukuita wiski.
Ulikuwa maji makali ndani ya mbao,
mtoto asiye na cheti.
Leo Ishbel Petrie kapanda ngazi na chaki,
kafuta namba, kaandika jina,
kisha kapiga chafya, maana vumbi la Dundee
halijui sherehe.

Hapa palikuwa stoo ya matairi.
Kabla ya matairi, njiwa.
Kabla ya njiwa, kiwanda hiki hiki,
na moto uliozimwa Ijumaa moja baada ya chai,
wanaume wakaambiwa wachukue makoti yao
na wasisahau vikombe.

Dod Mathers alisahau chake.
Tulikikuta nyuma ya bomba tulipovunja ukuta:
cha bati, mkono umepinda,
ndani kiota cha panya.

Sasa mitungi miwili ya shaba imesimama
palepale ilipokuwa ile ya zamani.
Basi likipita, mapipa hutetemeka kidogo.
Mama wa ghorofa ya nne hushuka kulalamika:
nguo zangu zinanukia uji!
Tunampa pole. Hasemi uongo, zinanukia.
Mwezi uliopita aliuliza, kwa sauti ya chini,
itauzwa bei gani.

Sikudanganyi, nami nimekuonja.
Ganda la tofaa, unga mbichi, sarafu ulimini,
na nyuma kabisa kitu nilichokijua utotoni
kikanipita kabla sijakiita.
Wewe ni kijana aliyeazima suti,
hujui bado mikono uiweke wapi.

Saa kumi wakamleta Dod, blanketi magotini,
fundi mapipa wa mwisho aliye hai.
Tukamtazama mdomo
kama watu wanaongoja mwezi uandame.
"Sinusi kitu," akasema. "Tangu kiharusi cha Machi
chai na maji ya bomba kwangu ni mapacha."
Hata hivyo akanywa. Akaweka kidole kifuani.
"Hii inaunguza hapa. Yetu iliunguza hapa,"
kidole kikashuka hadi kitovuni.
"Kwa hiyo ni mbaya?" akauliza Ishbel.
"Ni umbali tu."

Akaomba asogezwe kwenye mapipa.
Akagonga moja kwa kifundo cha kidole,
akalaza sikio, akagonga tena.
"Linavuja. Ubao wa saba."
Tukamulika tochi, hatukuona kitu.
Usiku, nikifunga mlango, nilipitisha kiganja
kikarudi na unyevu wa tone moja.

Lakini kabla ya hapo alikidai kikombe chake.
Tulikuwa tumekisugua mara tatu.
Ishbel akasita, chupa mkononi:
"Bati litaharibu ladha, Dod."

"Ladha ipi?" akasema, akainua kikombe kijazwe.