Filta Inayofikiwa na Mkono

Nimelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa,
yadi ya Nyakato, saa nne, jua bado changa.
Ukilitazama kutoka chini, gari haliwezi kukudanganya.
Juu lina rangi. Huku lina historia.

Yalikuwa matatu.
La kwanza jeupe kama sahani ya harusi,
kitanda kinachojikunja, jiko, mapazia ya umeme,
na kijana muuzaji, Deogratias, viatu vya ncha:
"Mama, hili lina akili. Likiumwa linasema lenyewe."
Linasema na nani?
Akacheka. "Na kompyuta."
Na kompyuta iko wapi?
"Dar."

Miaka thelathini na mmoja nimelinda pampu za maji,
zamu ya usiku, mji ukikoroma juu ya mawe yake,
mimi nikisikiliza beringi kwa bisibisi sikioni.
Mashine inayoumwa hutetemeka kwanza,
halafu hupata joto, halafu hunuka.
Taa huwaka mwisho kabisa,
kama jirani mmbea anayefika msibani
watu wameshaondoa matanga.

La pili lilikuwa zuri, sitasema uongo.
Lakini kubadili mkanda wa feni
sharti ushushe nusu ya injini,
na mkono wangu huu haukupita.
Nikajaribu tena. Nikauchubua.
Gari lisiloukubali mkono wako
limekwisha kukuambia kwamba ni la mtu mwingine.

La tatu ndilo hili ninalolitazama tumbo:
Kosta kuukuu, iliwahi kubeba watoto wa shule moja ya Magu.
Jina la shule wamelifunika kwa rangi ya ukutani,
jua likipiga ubavuni linarudi, herufi moja moja.
Viti vimeng'olewa; sakafu imebaki na matundu
kama ubao wa bao uliokosa kete.
Silinda sita mstari mmoja, pampu ya chuma,
haina ubongo na haitaki ubongo,
inataka dizeli safi na mtu mwenye subira.
Filta ya oili naishika hapa hapa nilipolala.
Ya dizeli ina kizibo chini, unamwaga maji, unafunga.
Upepo ukiingia kwenye mipira, legeza nati,
pampu kwa kiganja mpaka povu liishe.
Na vipuri vyake viko Mabatini,
meza moja na vitunguu.

Fundi Nkwabi, niliyemleta makusudi anipinge,
akafungua kifuniko cha oili injini ikinguruma,
akaweka kiganja juu ya tundu, akafumba macho.
"Inapumua kama mzee aliyeacha sigara," akasema.
"Mlango wa nyuma umeliwa na kutu. Punguza laki sita."
Nikapunguza nne.
Mbili zimeliwa na haya yangu.

Masalu akapiga simu.
"Mama, watu wa umri wako wanajenga."
Nimejenga, mwanangu. Nimepangisha.
Lakini nyumba haiendi Bunda
kuangalia mvua inavyoingia ziwani kutoka upande ule.
"Na likikuzimikia Lamadi, usiku, peke yako?"
Nikamwambia: unadhani
kwa nini unanisikia kama niko ndani ya pipa?
Niko chini yake, Masalu. Tunajuana.

Usiku wa kwanza nimeliegesha Igombe, hatua chache na maji.
Kitanda ni godoro la zamu, lile la kazini.
Wale wadudu wa ziwa wasiouma
wameifunika taa mpaka ikawa kahawia,
na mawimbi yanapiga jiwe
kama mtu anayefua nguo asiyo na haraka nayo.
Kabla ya kulala nilitega kopo la maziwa chini ya injini.

Alfajiri: matone matatu.
Nikayanusa. Ni oili, si dizeli, si maji.
Kizibo cha sampu kinataka washa mpya ya shaba,
shilingi mia tano, nao mkono wangu unapajua.

Nikavaa ovaroli kabla ya chai.