Kina na Mizani

Saa tatu kamili asubuhi, kabla ya kipindi cha hesabu,
nazunguka nyuma ya ofisi ya walimu na daftari kwapani.
Kopo la shaba, chupa, bomba la kioo lenye mistari, na mimi:
hicho ndicho kituo cha mvua cha Tutuo.

Mvua hatuipimi kwa debe. Tunapima kina chake,
kana kwamba ardhi yote ni sinia na maji hayana pa kwenda.
Milimita moja ni unene wa ukucha wa dole gumba la mguu.
Darasa la sita walicheka, hadi nilipotandika turubai la mita kwa mita,
nikainua kingo, nikamimina lita moja kutoka chupa ya mafuta ya alizeti.
"Hii ndiyo moja."
Kisha tukapiga hesabu ya shamba, chaki ikaisha:
milimita kumi juu ya ekari moja, madebe elfu mbili.
Hakuna aliyecheka. Nani angeyabeba?

Januari, tarehe nne: tisini na mbili.
Bomba likajaa, nikamwaga, likajaa tena,
mikono ikitetemeka kama ya mtu anayehesabu fedha zisizo zake.
Tano, sifuri. Sita, sifuri.
Saba, sifuri nukta sifuri. Siweki kistari.
Kistari maana yake sikwenda kutazama.
Sifuri maana yake nimekwenda, nimeinama, nimeukuta ukavu.
Mengine yote daftarini naweza kukosea;
hilo naweza kuliapia.

Tarehe kumi na saba, vumbi la barabara ya Sikonge
limelala juu ya majani ya mihogo,
nakuta maji. Kumi na moja nukta nne.
Nikatazama juu: hakuna hata wingu la kusingizia.
Nikatazama chooni: Mihambo wa darasa la pili
anachungulia, kikombe cha uji mkononi.
"Nilimwekea bibi."

Nusu kikombe.
Ningekiandika, ningekuwa nimeinywesha kata nzima,
kila ekari madebe elfu mbili na ziada,
na mahindi ya bibi yake, Kalunde,
yangestawi vizuri sana ndani ya daftari.
Nikamwaga. Nikaandika sifuri.
Kalamu ilisita; au tuseme ni mimi.

Tarehe ishirini na tisa: sitini na tatu.
Mbelewele zilikwisha kuungua.
Mahindi yaliipokea mvua kama maiti anavyopokea wageni.

Mwezi ulipokwisha, simu ikapigwa kutoka Tabora mjini.
Jumla mia moja hamsini na tano, gawanya kwa thelathini na moja:
wastani milimita tano kwa siku.
"Januari ya kawaida, mwalimu."
Nikairudia hesabu pembezoni mwa gazeti, mara mbili.
Haina kosa.

Kalunde aliniuliza wamesema nini, sikuweza kumficha.
Alikuwa anakata mabua ya kuwapa ng'ombe.
Akanisikiliza mpaka mwisho, mundu begani.
"Hizo tano za kila siku," akasema,
"zilinyesha kwa nani?"

Watunga mashairi nao wana kina, wana mizani,
hata kituo wanacho.
Kwao kina hurudi kila mwisho wa mshororo,
kisiporudi msomaji huguna.
Changu kilikaa siku ishirini na nne,
na aliyeguna ni ardhi.
Mizani ilikuja mwezi wa tano, ile ya chuma, ghalani:
gunia moja, halikufungwa mdomo, kilo thelathini na nane.
Hiyo haikugawanywa kwa kitu.

Siku hizi Mihambo hutangulia kuinama.
Nimemfundisha jicho lilingane na maji,
lisiwe juu, lisiwe chini, lisiwe na huruma.
"Sifuri, mwalimu."
"Nukta?"
Anatazama tena, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.
"Nukta sifuri."