Namba Tatu

Dukani, Mtaa wa Barton, Darlene alinipangia mikanda ya mbwa:
wa ngozi, wa mnyororo,
wa meno ya chuma yaliyoelekea ndani,
na huu wa betri, dola tisini, pamoja na rimoti yake.
"Anza na namba tatu," alisema. "Huwa hawasikii sana."

Nani kamwambia?

Garini nikaufunga mkononi.
Moja: mtekenyo. Mbili: siafu.
Tatu, nikatamka neno ambalo mama yangu
hajui kama ninalijua,
na Pilau, kiti cha nyuma, akainua sikio moja
akanitazama kama aliyemkuta mwenzake msalani.

Mkono huohuo, usiku, ghalani,
huvaa kijidude kinachotetema
nikichelewa kufika rafu ya kumi na nne.

Lakini Jumamosi iliyopita, bustani ya Gage,
alimrukia mtoto wa watu juu ya baiskeli.
Hakumng'ata. Mama mtu alimnyanyua juujuu,
na yale macho yake bado ninayo.

Leo Pilau kauvaa.
Bibi mmoja mwenye kofia ya sufu
kanipita bila kusimama: "Aibu."

Ndiyo, bibi. Na Jumamosi nayo ilikuwa aibu.

Umezimwa. Sikumwambia.
Mfukoni nina jibini, vipande vidogo vidogo,
kamba nimeizungusha kiganjani mara mbili,
bega linajua zamu yake,
na pale chini ya benchi kindi
anatafuna kitu taratibu, kama hana habari.

"Pilau," naita, kwa sauti ya kawaida.

Tena, kwa sauti ya kawaida.