Upande wa Abiria

Pampu mara tatu, baba alisema,
kama mtu anayenifundisha sala.
Ya kwanza ni kuiamsha,
ya pili ni kuikumbusha kazi,
ya tatu ndiyo breki yenyewe.
Nilikuwa na miaka kumi na sita,
na Duluth ni mji uliomwagwa kwenye mteremko
kana kwamba waanzilishi walitaka kila chenye magurudumu
kiishie ziwani.

Buick ya rangi ya chai ya maziwa, milango minne,
ilinunuliwa mwaka aliozaliwa Reino.
Imetupeleka kanisani, kwa daktari wa meno, kwenye mazishi mawili.
Huku baridi hukaa miezi sita,
na miezi sita hiyo jiji humwaga chumvi barabarani
tusije tukateleza.
Chumvi hiyo inatuokoa juu, inatula chini,
na hakuna aijuaye mpaka alale chali uvunguni mwa gari.

Ilianza kwa kulia,
kilio chembamba, kama birika lililosahauliwa kwa jirani.
Baba akaongeza sauti ya redio.
Kisha likaanza kuvuta kushoto kila akifunga breki.
"Linapenda kushoto tu," akasema,
kama anayemtetea shemeji mlevi.
Kisha taa nyekundu kwenye dashibodi.
Akaibandika utepe mweusi.

Mama hakusema kitu. Mama alikanyaga.
Kila kona, kila mteremko, pochi mapajani,
kisigino cha kulia kikigandamiza sakafu
pasipo na chochote cha kukanyaga.
"Aune, hapo hakuna breki."
"Najua, Waino,"
na akakanyaga.

Mama alikufa Februari.
Oktoba kiharusi kikamzima baba mguu wa kulia
kama mtu azimaye taa ya ukumbini akienda kulala.
Sasa naendesha mimi. Yeye anakaa kule.

Jumanne, saa mbili asubuhi, tukienda mazoezi ya viungo,
ziwa mbele yetu jeupe, limenyooshwa kama shuka la hospitali,
nikapampu moja. Laini, kama kukanyaga mkate.
Mbili. Likazama.
Tatu. Kanyagio likalala sakafuni, halikuamka.

Nikashusha gia. Gari likanguruma, likasita, likaendelea.
Nikaisaka kwa mguu wa kushoto ile breki ya kuegeshea
ambayo hatukuigusa miaka mingapi sijui;
waya ukakatika, pwa.
Chini kule basi la shule, njano, lilikuwa likikatiza njia panda
bila haraka yoyote duniani.
Nikalitupa gari kwenye lundo la theluji nje ya duka la viatu.

Kimya. Wipa moja ikaendelea peke yake.
Baba akasema, "Hukupampu vizuri."

Gereji, Roxanne Beaulieu akanionyesha paipu,
kahawia, imevimba,
akaibonyeza kwa dole gumba
ikameguka kama biskuti iliyolowa.
"Hii haikutokea Jumanne," alisema.
"Hii imekuwa ikitokea."
Akataja bei. Ilikuwa mara mbili ya gari.

Nikaenda kutoa vitu vyetu.
Glavu moja. Ramani ya Wisconsin. Peremende zilizoshikana.
Nikabandua ule utepe:
taa iliungua siku nyingi, hata haiwaki.
Nikainama upande wa abiria.
Zulia limetoboka, tundu la ukubwa wa kisigino cha mwanamke,
kingo zake laini, kazi ya miaka ishirini na kitu.
Na ndani ya tundu lile, mbichi,
bado na chumvi nyeupe ya asubuhi ile,
alama ya buti.
Ya kulia.

Daktari alisema mguu ule hautasogea tena.
Sijamwambia daktari.
Baba naye sijamwambia; angesema
hapo hakuna breki.
Gari nimemwachia Roxanne, auze vyuma.
Zulia ninalo.