Elfu Kumi na Mbili kwa Usiku

Tulipatana mlangoni, kabla hajavua viatu.
Alisema kumi na tano. Anaeli akasema kumi.
Mimi nilikuwa nyuma ya pazia,
maziwa yananivuja, kanga imelowa,
ningetoa hata friji.
Ikawa kumi na mbili, na chakula cha usiku,
na nauli ya bodaboda hadi Pasua kukipambazuka.

Mama Nakijwa, muuguzi mstaafu wa wodi ya wazazi,
alikuja na kikapu: ndala, tochi,
daftari la shule lenye mistari
na sweta la kijani, maana baridi ya Juni
hushuka mlimani bila kubisha hodi.
Alinawa mikono hadi kwenye viwiko.
Akamtazama mtoto kama anayesoma barua
ya mtu anayeujua mwandiko wake.
"Huyu ana siku ngapi?"
Kumi na moja.
"Na wewe hujalala siku ngapi?"
Nikaanza kuhesabu, nikasahau ninachohesabu.

Wengine huja mama zao.
Wangu amelala chini ya migomba Kibosho, mwaka wa nne sasa.
Mama mkwe nyonga imemkatalia safari;
alituma mkungu mmoja wa ndizi, na ujumbe:
mtori haupikwi na mgeni.
Mgeni aliupika.
Nikanywa bakuli mbili, ya tatu nikailia machozi.

Usiku wa kwanza sikulala.
Nimelipa nilale, nikalala macho,
sikio nimelibandika ukutani
kama mwenye nyumba anayemshuku mpangaji.
Nikasikia maji, kijiko, ndala zikiburuzwa,
kisha sauti ya chini ikimpa mwanangu habari:
vitunguu Kiboriloni vimepanda,
umeme Njoro umekatika tangu magharibi,
Mzee Mfinanga kauza ng'ombe wake wa maziwa, hasemi kwa nini.
Mtoto kimya, anasikiliza
kama mjumbe wa nyumba kumi.
Na mimi siku zote hizo nilikuwa namwimbia.

Saa nane akagonga, kwa kidole kimoja.
"Mama, njaa hii ni yako. Mimi sina dawa yake."
Nikaketi, nikanyonyesha. Yeye akaandika:
*8:10, kushoto. Choo njano, kizuri.*
Nikauliza, ili nisisinzie tu:
na kwako, nani amelala na wako?

Kalamu ikasimama.
"Nina mjukuu. Mwaka na nusu.
Mama yake yuko Mererani, anauza chai machimboni.
Namlaza kwa binti wa jirani. Elfu tatu."
Huamka?
"Huyo? Saa hizi hizi."

Basi tukanyamaza.
Huku Rau mtoto mmoja ananyonya,
kule Pasua mwingine anamlilia mtu
ambaye nimemnunua hadi asubuhi,
na binti wa jirani labda naye anatazama dari,
anasikia mama yake akikohoa chumba cha pili,
na hakuna anayemlipa mtu kwa kikohozi kile.
Kumbe usingizi una chenji.
Sijui imebaki mkononi mwa nani.

Nilitaka kusema, mlete alale hapa.
Nyumba ni vyumba viwili, na kimoja kimejaa koromo la Anaeli.
Nilitaka kusema, kumi na tano, tangu leo.
Nikasinzia katikati ya sentensi,
mdomo wazi, titi nje,
nikahisi mtu akimtoa mtoto mikononi mwangu
kama anayeepua maziwa yaliyokaribia kufurika.

Asubuhi mlima haukuonekana.
Jiko limefagiwa, vitambaa vya mtoto vinachuruzika kambani,
na mezani daftari:
*11:40. Amelala. Mama pia.*
Chini yake, kwa haraka, mwandiko umelala upande:
*Leo nitachelewa kidogo. Wangu ana homa.*

Nikaitafuta simu. Nikaandika: njoo naye.
Nikafuta.
Nikaandika tena, nikaongeza, kuna ndizi.
Mtoto akaanza kulia kabla sijatuma.