Majina ya Marehemu

Kwenye cheti cha kifo ni Mshamu Issa Nangomwa.
Kwenye kitabu cha benki, Mshami I. Nangomwa.
Kwenye stakabadhi za chama cha msingi,
misimu saba ya korosho iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli,
ni Mushamu Isa, basi,
kama mtu aliyeondoka bila kuaga ukoo wake.

Karani wa Mahakama ya Mwanzo alizipanga mezani,
akazikagua kama korosho za daraja la pili.
"Dada, hapa umeniletea marehemu watatu.
Nenda kwa wakili ukale kiapo
kwamba ni mmoja. Halafu urudi."

Nikala kiapo.
Mimi, Somoe Mshamu, mtu mzima, Mwislamu,
mkazi wa Tandahimba, naapa na kuthibitisha.
Muhuri ukagongwa,
baba akawa mmoja kwa shilingi elfu kumi.

(Mtaani walimwita Mzee Bado.
Umepalilia? Bado. Umekula? Bado.
Hilo sikuliapia.)

Usiku huu napanga faili.
Muhtasari wa kikao cha ukoo: watu kumi na mmoja,
sahihi nne, madole gumba saba.
Likungwa, mjomba wake baba, alikuja na kalamu yake mwenyewe
akakaa nayo mfukoni tangu adhuhuri hadi alasiri.
Alisema: kwetu mali hufuata tumbo la mama.
Alisema: dada wa marehemu ana vijana wawili, wana nguvu.
Nani atapanda kupogoa mikorosho, wewe Somoe?

Mimi nilinyamaza.
Aliyejibu ni shangazi Achikope, mama wa hao vijana:
"Wanangu nawajua. Walikuja wakati wa mabibo,
wakati wa magugu sikuwaona."
Kalamu ikatoka mfukoni.

Orodha ya mali.
Mikorosho mia moja na kumi na sita.
Nimeihesabu kwa miguu, mara mbili,
maana mara ya kwanza nilifika kwenye mmoja uliokauka
nikasimama pale mpaka hesabu ikanipotea.
Nyumba ya bati, vyumba vitatu, kimoja bado.
Baiskeli moja.
Bomba moja la kupulizia salfa.
Na deni la salfa yenyewe; mama kasema liandikwe,
hataki kumwona mwenye duka akipita kaburini anakohoa.

Orodha ya warithi.
Nikaandika mama, nikajiandika, nikaandika wadogo zangu wawili,
nikapiga mstari wa kufungia.
Mama alikuwa anachambua mbaazi, hakuinua uso.
"Usifunge. Yupo mwingine, Kitangari.
Shazili. Ana miaka tisa."

Peni ilikuwa hewani.
"Mama, umemjuaje?"
"Nilimpelekea sare za shule mwaka jana,
baba yako alipokuwa hawezi kutembea.
Mtoto alikuja kunipokea barabarani.
Miguu ni ile ile." Akapeta mbaazi. "Andika."

Nikaandika Shazili chini ya mstari,
kisha nikaufuta mstari.

Picha mbili za pasipoti. Barua ya mtendaji. Nauli.
Basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri.
Nimeshazima taa, sauti inatoka chumba cha pili:

"Umeliandika lile bomba?"
"Nimeliandika."
"Linavuja."
"Fomu haina mahali pa kuandika linavuja."

Kimya. Kitanda chake kikalia.

"Basi umwambie hakimu kwa mdomo."