Kielelezo Namba Kumi na Saba

Mnada wa mahakama ulianza saa nne,
nyuma ya jengo, pale Nakuru wanapochomea makaratasi.
Baiskeli zisizo na minyororo,
mitungi ya chang'aa iliyotobolewa matumbo,
redio ya mtu, jembe la mtu, kiatu kimoja,
na konani, umeegemea ukuta
kama mgeni asiyekaribishwa kiti,
upinde.

Miaka sita nimetafuta.
Nimeona za watalii, kwenye njia ya kwenda ziwani,
zimepakwa rangi ya viatu, nyuzi za nailoni,
mishale yenye vichwa vya bati la kopo.
Ukizivuta zinalia kama mlango.
Nimeona mmoja hotelini, umepigiliwa misumari miwili,
na chini yake mtu anakula chipsi.

Huu ulikuwa mti.
Mrefu, ulinipita kwa kiganja,
mnene katikati, ukikonda kuelekea ncha
kama sentensi ya mtu anayejua atakapokomea.
Lebo kwa uzi wa katani:
*Kielelezo Na. 17. Perere mmoja. Asali, nusu debe.*
Jina lilifutika, likabaki *Le.*

Podo lilikuwa na mawano manne, vipara.
"Vigumba tuliviondoa," karani akasema, "kwa usalama."
Nyuma yake mapanga yalikuwa yakiuzwa kwa fungu.

"Mia tatu! Kuni hizi, mama!"
Hakuna aliyepandisha.

Shabab, kwa Egesa, mhunzi aliyetoka Samia
na fuawe ya babu yake ndani ya gunia la mahindi.
Hakutaja bei. Aliuliza:
"Vya ukutani, au vya kazi?
Vya ukutani nakukatia bati sasa hivi, uende.
Vya kazi, rudi Alhamisi."

Alhamisi springi ya lori ilikuwa motoni.
Mivuo yake siku hizi ni feni ya gari bovu,
lakini nyundo ni ileile, na mdomo ni uleule
unaohesabu mapigo kwa Kisamia.
Kimoja akakipa umbo la jani la chai.
Kimoja akakitia masikio yaliyolala nyuma:
"Hiki kikiingia, hakitoki kwa kuombwa."
Cha tatu chembamba, pembe nne, kama msumari wa jeneza.
"Hiki nilifundishwa tu. Sijawahi kuulizwa.
Babu alisema ni cha kupita ngao."
Akavizima majini, vikasema *shhh,*
kama mama mwenye mtoto.

Baba alinisubiri Mariashoni, mlangoni,
na bega lake la kulia, lile lisilopanda tena.
Hakuutazama. Aliunusa.
Akapitisha kidole gumba tumboni mwake,
akasita palipo na fundo, kovu la tawi.
"Si wa babu yako," akasema.
"Babu yako alikuwa mfupi. Na hakuwa na subira na mafundo,
angekata mti mwingine.
Huu ni wa Lesingo."

Nikakaa chini.
Miaka sita. Mia tatu. Alhamisi nzima.

"Alifungwa muda gani?"
"Alirudi," baba akasema. "Ila hakuongea
mpaka tukamzika."

Akapanda darini, akashuka na mshipa mkavu wa mgongo wa ng'ombe,
akaulowesha, akausokota pajani hadi usiku.
"Tuuvishe ugwe kwanza.
Mtu harudishiwi kitu chake kikiwa uchi."

Tukaukunja wawili, mimi kwa goti, yeye kwa mkono mzima.
Ukagoma. Ukagoma. Ukakubali.
Baba akaugonga ugwe kwa ukucha, mara moja tu.
Sauti ile sitaifananisha na kitu.

Kesho tunavuka bonde, kwa mjane.
Sijui tutaanza na neno gani.
Vigumba nimevifunga kwenye gazeti, vimo mfukoni.
Kile chembamba kimeshatoboa ukurasa wa mbele.